Asali ya Dumu na Uji wa Saa Nne

Kwanza niseme kwamba sikutaka kuandika. Vijana wa jikoni pale shuleni nilipofanya kazi waliniingiza kwenye kundi lao la simu bila kuniuliza, na siku ya pili tu wakaanza kunidai. "Shikamoo mzee. Bei zimepanda. Tupe orodha ya vitu mbadala. Upande huu cha nembo, upande ule cha bei nafuu." Orodha! Kwenu kila kitu ni orodha. Nikawaandikia marahaba, na kwamba nitaleta maandishi. Siku tatu zikapita nikiwa nimekasirika peke yangu. Orodha kama hiyo niliwahi kuipokea mikononi, nikaifuata, na kidogo mwanamke asiye na kosa apoteze kazi na binti yake apoteze shule. Aliyeshika kalamu nilikuwa mimi.

Kwa hiyo hamtapata orodha. Mtapata haya, na msiposoma mpaka mwisho basi endeleeni kununua mnavyonunua.

Mimi ni mpishi, sasa mstaafu, nakaa Isevya. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikaingia jikoni. Nilipikia shule ya bweni hapa Tabora miaka thelathini na kitu. Shule siitaji, wenyewe mnaijua. Kila jioni niliandika kwenye daftari kilichopikwa na kilichoharibika, na nikifunua leo naona kilichoharibika ndicho kimejaa. Naandika daftari likiwa mapajani, na bado siliamini sana, kwa sababu aliyeliandika ni mimi.

Sasa. Kinachonichosha kwenu ni kudhani kwamba kitu cha bei nafuu ni kile kile cha nembo, ila kimevuliwa karatasi. Siyo kile kile. Kinaweza kuwa kibaya zaidi, kinaweza kuwa kizuri zaidi, nimeviona vyote viwili. Ila ukikipika kama kile cha kwanza, utaumbuka.

Majani ya chai, kwa mfano. Tulikuwa tunatumia ya boksi, tukahamia ya kupima, yale ya vumbi. Asubuhi ya kwanza nikatia kipimo kile kile, nikachemsha muda ule ule. Ilitoka chai ambayo ukiimiminia maziwa haibadiliki rangi. Wasichana walikunywa wakikunja uso kama wanaokunywa dawa ya minyoo. Mmoja hakuinywa kabisa, aliloweka ndani yake kitambaa chake cha kushona, kikatoka kahawia safi kabisa, na nasikia mwalimu wake alimsifu. Majani hayakuwa na kosa. Ya vumbi yanatoa haraka, yanataka nusu ya kipimo, unayatia maji yakishachemka, unafunika, unaepua. Hayachemshwi kama maharage. Nilijua hayo baada ya wiki mbili, na wiki mbili ni nyingi kwa watu mia nne wanaokutazama kila asubuhi.

Au mafuta ya alizeti ya dumu, yale ambayo hayakusafishwa kiwandani. Mnayatupia moto mkali kama ya kopo, yanafura povu mpaka yanamwagika kwenye kuni, halafu mnakuja kwenye kundi kuandika kwamba ni feki. Siyo feki. Yana maji kidogo na machicha. Yapashe polepole, povu lipande lishuke lenyewe, ndipo utie kitunguu. Nimewaambia hili mara ngapi? Mwezi jana kuna mmoja wenu, simtaji, aliniletea picha ya povu na kuniuliza kama ni sabuni.

Aliyenifundisha jiko alikuwa Mzee Yohana, Mmoravian mmoja mkimya aliyeonja mboga kwa ncha ya kidole kidogo na hakuwahi kuungua. Yeye alikuwa na sharti moja kuhusu vitu vipya. Ukibadilisha, badilisha kimoja, upike wiki nzima, ndipo uguse kingine. Nilimuuliza sababu. Akasema kikiharibika ujue umlaumu nani. Sikuona kama ni jambo kubwa. Nilikuwa kijana, nilidhani ananichelewesha.

Mzee Yohana alistaafu, akafariki, mimi nikawa mpishi mkuu. Miaka mingi baadaye tukapata mwalimu wa chakula mpya, Mwalimu Nkwabi. Kwa wasiojua, mwalimu wa chakula ndiye anayeamua jikoni kuingie nini, mpishi anapika kinachoingia. Nkwabi alikuwa kijana, mwepesi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nataka niwe wa haki kwake, maana simulizi hii ikisemwa na wengine yeye ndiye anakuwa shetani. Hakuwa shetani. Alipokuja jikoni alinikuta nafungua makopo ya siagi ya mkate, akauliza, "Mzee, shikamoo. Hivi sisi tuko Tabora, karanga zimejaa sokoni, tunakula siagi ya kopo kwa nini?" Tukaanza karanga za kusaga, na wasichana walizipenda kuliko ile siagi. Kwa hiyo hapo alikuwa sahihi kabisa. (Kaanga taratibu, acha zipoe, ondoa zile zilizokunjamana au zenye ukungu na uzitupe bila kuzionea huruma, kisha saga za siku mbili tu. Zikikaa zinachacha.) Nyanya za kopo akazitoa, tukanunua mbichi. Viungo vya pakiti akavitoa. Sabuni ya kuoshea vyombo alibadilisha vibaya, mikono yetu ikapasuka, tukamwambia, akarudisha ile ya zamani bila ubishi. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema ni mbaya.

Tatizo lake lilikuwa haraka. Mwaka mmoja sukari ilipotea madukani, na ikionekana bei yake inakukatisha tamaa. Wakati huo huo asali ilikuwa imevunwa, inashuka mjini kwa madumu. Mwalimu Nkwabi akaja Jumatatu moja na karatasi yenye pande mbili, kama hiyo mnayoitaka ninyi. Unga wa lishe wa pakiti, ule wa uji, unatoka. Badala yake tununue mahindi na uwele, tukasagishe wenyewe mashineni Gongoni. Na sukari inatoka. Badala yake asali.

Vitu viwili, uji mmoja, wiki moja. Nilikumbuka sharti la Mzee Yohana pale pale nikiwa nimeishika karatasi. Daftari linasema, "Nimemkumbuka Mzee Yohana." Halijasema kwamba nilimwambia Mwalimu, kwa sababu sikumwambia. Nilijiona mtu wa darasa la saba mbele ya mtu wa chuo.

Asali ililetwa na mrina asali wa upande wa Sikonge, mzee mwembamba, madumu mawili kwenye baiskeli. Alitusalimia mwangaluka, tukaitika, tukaonja. Ilikuwa asali nyeusi ya msituni, inanukia moshi. Alipokuwa anafunga kamba zake akasema, "Hii msiipike. Ukiipika umeiua." Hilo halikuwa jipya kwetu. Aliyezaliwa Unyamwezini analijua kabla hajajua kuhesabu: asali haikai motoni. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri mara mbili. Uji tunapika alfajiri, tunamimina kwenye ndoo nane zenye vifuniko, tunaacha mvuke upungue, tunakoroga asali, tunafunika. Saa nne wasichana wanakuja na vikombe.

Siku ya kwanza, saa nne, kata ilipoingia kwenye ndoo ilitoka na maji. Sisemi uji mwepesi. Maji ya rangi ya uji. Msichana mmoja akauliza kwa adabu kabisa kama leo tunaanza na supu.

Na mimi ule uji nilikuwa nimeuona alfajiri. Ulikuwa mzito, mwiko unasimama.

Siku ya pili tukaongeza unga. Alfajiri mzito zaidi, saa nne maji. Siku ya tatu tukaongeza tena. Mwalimu Nkwabi akaja mwenyewe alfajiri, akaushika mwiko, akaridhika, akaondoka. Saa nne akarudi, akafunua ndoo, akafunika. Hakupiga kelele. Aliniita pembeni akaniuliza kati ya alfajiri na saa nne nani anabaki na ndoo.

Sasa niwaambie kuhusu dada Goreti. Goreti alikuwa mpishi msaidizi, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mjane, mwenye mkono mzuri wa ugali kuliko mimi. Alitoka Ulyankulu, katika zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi. Yeye alizaliwa pale, Kiswahili chake ni hiki hiki chetu, lakini kila kikipotea kitu jikoni, hata kisu, kuna mtu alikumbuka anakotoka. Sikuwa miongoni mwa waliosema. Sikuwa pia miongoni mwa waliokataza. Binti yake alikuwa kidato cha tatu pale pale shuleni, kwa nafasi wanayopewa watoto wa wafanyakazi. Mama akiondoka kazini, na binti anaondoka.

Mimi asubuhi nilikuwa nakwenda sokoni. Wengine walikuwa wanachambua maharage nyuma. Aliyebaki na ndoo alikuwa Goreti. Tena Goreti kila mchana alibeba nyumbani mfuko wa ukoko wa sufuria, wa kuku wake, kwa ruhusa yangu mwenyewe. Mfuko huo ghafla ukaanza kuonekana mkubwa.

Mwalimu Nkwabi aliwaza kama mtu yeyote mwenye akili. Uji ni mzito, halafu ni maji. Basi kuna mtu anachota mzito na kujaza maji. Akaniletea karatasi. "Mzee, andika ulichokiona tu. Usimwonee mtu."

Nikaandika. Niliandika kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuandika maishani, nikajisifu moyoni kwamba sijaongeza hata neno. Nakumbuka sentensi zote tatu. Uji nimeuacha mzito. Niliporudi sokoni nimeukuta mwepesi. Aliyebaki na ndoo ni Goreti. Nikatia sahihi.

Siku ile ile Goreti akaambiwa akae nyumbani mpaka Jumatatu, atakaposikilizwa na mkuu wa shule, mama mmoja mkali wa haki tuliyemwita Madam. Alipita jikoni kuchukua kanga yake. Alikuwa ameonyeshwa karatasi.

"Baba Kulwa, umeandika nimetia maji?"

Nikamwambia sikuandika hivyo.

"Umeandika aliyebaki ni mimi."

"Si ndiye uliyebaki?"

Akanitazama kidogo. "Ndiyo," akasema, akaondoka. Akasahau kanga.

Kesho yake nilibaki na ndoo mwenyewe. Sokoni nilimtuma mwingine. Nilivuta kigoda nikakaa katikati ya ndoo nane kama mlinzi wa benki. Hakuna aliyesogea. Saa tatu nikafunua ya kwanza ili nijifurahishe tu, nikaona juu kumekaa maji. Nikakoroga. Maji mpaka chini. Nikafunua ya pili. Nikafunua zote.

Jamani, kwa maandishi yangu mwenyewe mwizi sasa nilikuwa mimi. Uji niliuacha mzito. Nimeukuta mwepesi. Aliyebaki ni mimi. Nilikaa pale kigodani, na sitawadanganya, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimelogwa, la pili kwamba Goreti ndiye amenifanyia. Nimeandika hilo kwenye daftari na nimelipigia mstari, kisha nimelifuta, kisha nimeliandika tena pembeni, kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Wazo la tatu lilikuwa Mzee Yohana. Vitu viwili vimebadilika. Nimlaumu nani?

Nikachukua uji wa moto wa unga wetu wa kusagisha, nikagawa bakuli tatu. Moja sikutia kitu. Moja nikatia sukari kidogo niliyoazima. Moja asali ya dumu. Nikaanza kumenya vitunguu. Sikuwa nimemaliza sinia moja, uji wa bakuli la asali ukawa umelegea, unatembea. Hayo mengine mawili yakawa yamesimama vilevile, yameshika ngozi juu. Nikarudia mara mbili, maana mimi sijiamini. Nikajaribu hata unga wa lishe wa pakiti uliobaki stoo, wenye nembo na picha ya mtoto mnene. Asali iliulainisha na wenyewe vilevile. Unga ukawa hauna kosa. Mwisho nikatia asali kwenye uji ukiwa bado unatokota jikoni, nikauacha utokote nayo dakika kadhaa, huku najisikia kama nafanya dhambi. Ule ukabaki mzito mpaka jioni.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa Madam na sufuria ya uji wa moto. Goreti alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa gauni la kanisani, hakuniangalia. Mwalimu Nkwabi alikuwepo. Nikaeleza. Madam alisikiliza. Nkwabi akatabasamu, si kwa ubaya, kama mtu anayemwonea mzee huruma.

"Mzee, asali imeota meno lini?"

Nikasema nitaonyesha. Na hapa mjue nilivyo. Nilibeba sufuria, nilibeba bakuli, nilibeba vijiko, asali nikaisahau jikoni. Madam akasema hakuna shida, akatoa chupa yake kwenye meza ya chai, asali ya dukani yenye nembo nzuri ya dhahabu. Nikatia. Nikakoroga. Tukasubiri. Madam akajibu simu mbili. Uji ukabaki umesimama. Nikakoroga tena. Ukasimama zaidi. Nikaanza kuamini kwamba vile vya jikoni niliviota.

Mwalimu Nkwabi akasema polepole, "Asali ni asali, mzee. Hiyo na ya dumu tofauti ni karatasi tu."

Nilifungua mdomo nikubali. Kweli nilifungua mdomo nikubali.

Goreti akasema, "Uji wangu haukutiwa ya chupa. Leteni ya dumu."

Madam akamtuma Nkwabi mwenyewe. Akarudi na kikombe cha asali nyeusi, imepambwa na mguu wa nyuki. Nikagawa uji uliobaki, ulikuwa bado wa moto wa kushikika. Bakuli hili ya chupa, bakuli hili ya dumu, bakuli hili kavu. Safari hii Madam hakupokea simu. Aliinama juu ya meza, miwani imeshuka puani. Haikufika nusu saa akachukua kijiko, akakiinua juu ya lile bakuli la dumu, uji ukadondoka kama maziwa. Akarudia kwenye bakuli la chupa, ukadondoka donge.

Kisha akachukua karatasi yangu ya sentensi tatu, akaichana, akamwambia Goreti kesho arudi kazini.

Baadaye mwalimu wa bayolojia alinieleza kwamba asali mbichi ina kitu kutoka kwa nyuki kinachokatakata wanga, na moto mkali unakiua. Ile ya chupa kiwandani huwa wameshaipasha moto ili isigande mapema, kwa hiyo imekuja imepoteza makali. Sijui kama nimeieleza sawa, kamuulizeni mwalimu wenu. Mimi najua ya jikoni tu. Uji wa kukaa, asali ya dumu itokote nao, au itiwe kikombeni wakati wa kunywa. Ukitaka uji wa mgonjwa asiyeweza kumeza, itie uji ukiwa vuguvugu na usubiri. Kwa hiyo si kitu kibaya. Ni kitu kingine.

Na yule mrina asali alipokuja tena nilimsomea risala. Alicheka mpaka akashika baiskeli. Kumbe kwao wanajua miaka yote. Mama yake alikuwa akimtilia bibi yao asali kwenye uji wa vuguvugu baada ya bibi kuisha meno, ili aunywe kama maji.

"Sasa kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Hamkuniuliza," akasema. "Mliniuliza bei."

Hilo, vijana, ndilo nataka mlisome mara mbili kabla hamjaniandikia tena kuhusu orodha. Mnaingia sokoni, mnauliza bei, mnatoka. Huyo anayewauzia amekuwa na kitu hicho maisha yake yote. Muulizeni kwao wanakipikaje. Haiongezi hata senti.

Lakini sijamaliza, na mngependa nimalizie hapo, nami ningependa.

Mwalimu Nkwabi, kwa haki yake, aliomba radhi siku ile ile, mbele ya Madam, bila kusukumwa. Alisimama kabisa. Mimi sikuomba. Nilijiambia kwamba sikumsingizia mtu. Niliambiwa niandike nilichokiona, nikaandika, na mimi huyo huyo ndiye niliyegundua ukweli. Nilikuwa na hesabu nzuri kabisa ya wema wangu. Nilimrudishia kanga yake imefuliwa na kukunjwa, nikaona inatosha.

Siku mbili akafanya kazi bila kuniambia zaidi ya kinachohusu moto na maji. Siku ya tatu tulikuwa tunapakua ugali, wenzetu wote wapo. Akaweka mwiko chini.

"Baba Kulwa. Ile karatasi yako ilikuwa ya kweli yote?"

Nikasema yote.

"Ulidhani nimeiba?"

Nikasema hakuna mahali nilipoandika ameiba.

"Sikuulizi ulichoandika."

Kuna sufuria ilikuwa inatokota, nikawa naiangalia. Wote walikuwa wananiangalia mimi. Nilitafuta jinsi ya kusema iwe ya haki pande zote, nikakosa, kwa sababu haikuwa na pande.

"Nilidhani," nikasema.

"Haya," akasema, akachukua mwiko.

Nilifikiri yameisha. Kesho yake alfajiri, alipomaliza kumimina uji kwenye ndoo, akaniita. "Baba Kulwa, njoo uone." Nikaenda. Akafunua. "Ukoje?" Nikasema mzito. "Wasikie," akasema. Nikasema kwa sauti: mzito. Akafunika, nikaenda sokoni.

Alinifanyia hivyo kila siku ya kazi. Siyo wiki, siyo mwezi. Miaka tisa. Siku za mvua, siku za mitihani, siku nina jino linauma. "Baba Kulwa, njoo uone." Wapishi wapya wakija waliona ni utaratibu wa jiko, kama kuosha mikono. Iliniudhi, siwafichi. Mwaka wa nne nilimwambia basi imetosha, akanijibu kwamba yeye bado hajasikia vizuri. Binti yake alishamaliza kidato cha sita, akaenda chuo cha uuguzi, akaajiriwa, na mimi bado nasimama juu ya ndoo nane natangaza uji.

Asubuhi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, alipika, akamimina, akafunika. Nikasubiri aniite. Hakuniita. Alikuwa ameinama anasugua mwiko wake, maana alikuwa anaondoka nao.

Nikaenda mwenyewe. Nikafunua ndoo ya kwanza, nikatumbukiza kata, nikaangalia. Nikaita wenzetu waje. Nikasema mzito.

Ulikuwa na madonge mawili matatu. Sikuyasema.